Hans Raj Khanna, Jaji Aliyetoka Mahakama ya Wilaya

Tarehe 28 Aprili 1976 majaji watano wa Mahakama ya Juu ya India walitoa hukumu katika kesi ambayo wanasheria wa nchi ile huiita ADM Jabalpur, kwa jina la cheo cha ofisa wa wilaya aliyekuwa upande wa serikali. Swali lenyewe lilikuwa fupi. Hali ya hatari imetangazwa, Rais ameamuru kwamba raia wasiende mahakamani kudai haki zao za msingi, na maelfu ya watu wamewekwa kizuizini bila kushtakiwa. Je, ndugu wa mtu aliyekamatwa anaweza kuiomba mahakama ichunguze kama sheria ilifuatwa? Majaji wanne walijibu hapana. Mmoja, Hans Raj Khanna, alijibu ndiyo. Tangu siku hiyo amesimuliwa kama shujaa, mtu aliyezaliwa na moyo wa chuma akaisubiri saa yake ifike. Simulizi hiyo inapendeza, lakini inatuficha jambo lenye faida zaidi. Khanna hakuwa mkaidi wala mpinzani wa serikali. Alikuwa jaji mwangalifu wa aina ya zamani, mwenye mazoea ya mahakama za chini, na nadhani mazoea hayo ndiyo yaliyomsimamisha pale ambapo wenzake wenye sifa kubwa zaidi waliteleza.

Alizaliwa Amritsar, katika Punjab, tarehe 3 Julai 1912, mtoto wa wakili. Alikuwa hajatimiza miaka saba pale askari wa jeshi la Waingereza walipowamiminia risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh, katika mji huohuo, Aprili 1919. Wanaomwandikia sifa hupenda kuanzia hapo, kana kwamba mtoto aliyekulia karibu na damu ile lazima awe mtetezi wa uhuru. Hoja hiyo haina mguu, maana Amritsar ilikuwa na watoto wengi, na baadhi yao walikuja kuwa maofisa walioweka watu ndani mwaka 1975. Kilicho wazi zaidi ni njia yake ya kazi. Alisomea sheria Lahore, akarudi nyumbani mwaka 1934 na kufanya uwakili kwa karibu miaka 18 katika mahakama za mji wake. Mwaka 1952 aliteuliwa jaji wa wilaya, na kwa miaka kumi alikaa kwenye viti vya mikoani na baadaye Delhi. Ndipo akapanda: Mahakama Kuu ya Punjab mwaka 1962, Mahakama Kuu ya Delhi ilipoanzishwa mwaka 1966, Jaji Mkuu wa mahakama hiyo mwaka 1969, na Septemba 1971 akaingia Mahakama ya Juu.

Miaka hiyo kumi ya wilayani ni rahisi kuipita haraka, ila ndiyo ninayoitegemea. Jaji wa wilaya hashughuliki na falsafa ya dola. Mbele yake huletwa jalada la polisi, na mshtakiwa amesimama pale na pingu. Anauliza mambo ya kawaida: amekamatwa lini, kwa kifungu kipi, nani alitia saini, shahidi yuko wapi. Karatasi ikikosekana, hata kama mshtakiwa anaonekana mhalifu kutoka usoni, jaji anasimamisha shughuli. Kazi hiyo ikirudiwa kwa miaka kumi humjengea mtu tabia, na tabia haihitaji ushujaa ili ifanye kazi. Sasa watazame wenzake wanne wa mwaka 1976. Jaji Mkuu A. N. Ray alitoka uwakili wa Calcutta. M. H. Beg alisoma Cambridge, akawa wakili Allahabad. Y. V. Chandrachud na P. N. Bhagwati walitoka uwakili wa Bombay. Wote waliingia moja kwa moja Mahakama Kuu kutoka uwakilini, wakiwa watu wa akili kali na lugha tamu. Aliyekuwa amewahi kukaa kiti cha jaji wa wilaya ni Khanna peke yake.

Uangalifu wake ulijulikana mapema. Katika kesi ya Kesavananda Bharati, iliyosikilizwa kwa siku 68 na majaji 13, suala lilikuwa kama Bunge linaweza kurekebisha Katiba bila mpaka. Majaji sita walisema mipaka ipo, na inalinda hata haki za msingi. Sita walisema mipaka haipo. Hukumu ilipotolewa tarehe 24 Aprili 1973, Khanna alisimama katikati peke yake: Bunge linaweza kurekebisha kifungu chochote, lakini haliwezi kuuvunja muundo wa msingi wa Katiba kwa kisingizio cha kuirekebisha, na haki ya kumiliki mali, ambayo matajiri waliililia, haimo katika muundo huo. Kwa kura yake ikawa saba kwa sita. Mkaidi angejiunga na kundi la kwanza na kupigiwa makofi na mawakili wa wenye mali. Khanna aliipa serikali mengi iliyoyataka, hasa nafasi ya kugawa ardhi, na akaikatalia jambo moja tu. Ni uamuzi wa mtu anayesoma kifungu hadi mwisho wake kisha akaishia hapo.

Mwendo huohuo unaonekana miaka miwili baadaye. Tarehe 12 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilitengua ubunge wa Waziri Mkuu Indira Gandhi kwa makosa ya uchaguzi, na usiku wa tarehe 25 mwezi huo ikatangazwa hali ya hatari. Bunge likabadilisha sheria ya uchaguzi kwa kurudi nyuma, likarekebisha na Katiba ili uchaguzi wa Waziri Mkuu usihojiwe mahakamani. Rufaa ilipofika Mahakama ya Juu, Khanna alikuwa miongoni mwa majaji waliofuta kifungu hicho cha Katiba, maana uchaguzi huru ni sehemu ya muundo wa msingi. Lakini pia alikuwa miongoni mwa waliosema ubunge wa Indira Gandhi ni halali kwa sheria ya uchaguzi iliyobadilishwa. Mtu mwenye kisasi na serikali asingeiachia nafasi hiyo ipite.

Kisha ikaja kesi ya kizuizini. Chini ya sheria iliyoitwa MISA peke yake, kwa hesabu ya Tume ya Shah iliyochunguza mambo hayo baadaye, takriban watu 35,000 waliwekwa ndani: wabunge wa upinzani, waandishi, wanafunzi, watu wasiojulikana hata kijijini kwao. Mahakama Kuu tisa zilishaamua kwamba maombi yao yanaweza kusikilizwa, angalau ili kuangalia kama amri ya kukamatwa ilitolewa na mwenye mamlaka, na kwa mtu aliyekusudiwa. Serikali ikakata rufaa. Katika usikilizaji, Khanna alimwuliza Mwanasheria Mkuu Niren De swali ambalo jaji yeyote wa wilaya angeliuliza. Ibara ya 21 ya Katiba inataja uhuru na inataja pia uhai. Basi ofisa wa polisi akimwua mtu kwa chuki zake binafsi, wakati wa hali ya hatari, kuna mlango wa mahakama? De alijibu kwamba, kwa hoja ya serikali, hakuna. Alikuwa mkweli, na ukweli huo ulipaswa kuwashtua majaji wote watano.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hoja ya wale wanne haikuwa upuuzi. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 359, ilimruhusu Rais kusimamisha haki ya kwenda mahakamani kudai haki za msingi zitakazotajwa, na Rais alizitaja. Waandishi wa Katiba waliyaweka maneno hayo kwa makusudi, wakiikumbuka vita na mgawanyiko wa nchi wa mwaka 1947. Jaji aliyeapa kuitii Katiba hawezi kufuta ibara kwa sababu haimpendezi. Tena wakati wa hatari serikali ina siri ambazo mahakama haiwezi kuzipima. Hayo yote yana uzito. Shida ilikuja pale walipotaka kuipamba hoja hiyo. Beg aliandika kwamba wafungwa wanatunzwa kwa uangalifu unaokaribia wa mama mzazi. Chandrachud alieleza tumaini lake, linalong’aa kama almasi, kwamba maovu hayatatokea. Mahakama inayotumaini imeshaacha kuhukumu.

Jibu la Khanna lilikuwa kavu. Ibara ya 21, alisema, haikuanzisha haki ya mtu kutouawa na kutofungwa bila sheria, iliikuta. Kabla ya Katiba, chini ya mkoloni mwenyewe, ofisa hakuweza kumgusa mtu bila kuonyesha sheria inayomruhusu. Alikumbusha uamuzi wa mwaka 1931 wa Baraza la Faragha la London katika shauri la Eshugbayi Eleko, mtawala wa jadi wa Lagos aliyefukuzwa mjini na serikali ya Nigeria, ambako Lord Atkin alisema mtumishi wa dola hawezi kuingilia uhuru wa mtu isipokuwa aweze kuutetea uhalali wa tendo lake mbele ya mahakama. Kama Mwafrika wa Lagos alikuwa na ulinzi huo chini ya gavana, Mhindi wa Delhi hawezi kuupoteza chini ya jamhuri yake mwenyewe. Rais akisimamisha njia moja ya kudai haki, hajawapa maofisa ruhusa ya kuivunja sheria ya MISA yenyewe. Tazama jinsi dai lilivyo dogo. Khanna hakusema hali ya hatari ni batili. Hakusema kizuizini ni batili, ingawa aliandika kwamba wapenda uhuru wanakichukia. Alichosema ni kwamba jaji ana haki ya kuifungua karatasi na kuisoma.

Msomaji anaweza kupinga hapa: mahakama za wilaya za India zilijaa majaji ambao mwaka 1975 waliinamisha vichwa, kwa hiyo mazoea ya wilayani hayamfanyi mtu kuwa Khanna. Ni kweli, na sidai kwamba yanatosha. Alijua gharama; katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba kabla ya hukumu alimwambia dada yake kuwa ameandaa uamuzi utakaomnyima ujaji mkuu. Lakini pingamizi hili linasahau zile Mahakama Kuu tisa. Khanna hakuvumbua kitu Aprili 1976; alikubaliana na makumi ya majaji wa chini yake, ambao waliona jambo hilo kuwa sheria ya kawaida. Peke yake alikuwa katika chumba kile tu. Na hao wa chini walilipa. Mwaka 1976 majaji 16 wa Mahakama Kuu walihamishwa vituo. Pale Delhi, majaji wawili waliosikiliza shauri la mwandishi Kuldip Nayar na kuandika kwamba alikamatwa bila sababu za kisheria walionja adhabu: Rangarajan alihamishiwa Gauhati, mbali mashariki, na R. N. Aggarwal, aliyekuwa hajathibitishwa kazini, alirudishwa kuwa jaji wa wilaya. Hawa hawana picha ukutani. Ikiwa tunataka kuielewa historia ya mahakama ya India katika miaka ile, kumgeuza Khanna sanamu ya pekee ni kuwadhulumu.

Adhabu ya Khanna ilipitia desturi, na desturi hiyo yenyewe ina historia yake. Katiba ya India haisemi kwamba jaji mkongwe kuliko wote kazini ndiye atakayekuwa Jaji Mkuu. Ni mazoea tu, na majaji waliyalinda tangu mwanzo: mwaka 1951, Jaji Mkuu wa kwanza alipofariki na serikali ikafikiria kumruka Patanjali Sastri, wenzake walitishia kujiuzulu, na serikali ikarudi nyuma. Tume ya Sheria ya mwaka 1958 ililaumu desturi hiyo kwa kusema ukongwe peke yake haumpi mtu uwezo wa kuongoza mahakama, hoja ambayo ni vigumu kuipinga kwenye karatasi. Lakini mwaka 1973, siku moja baada ya hukumu ya Kesavananda, serikali iliitumia hoja hiyohiyo kumpa cheo A. N. Ray na kuwaruka Shelat, Hegde na Grover, wote watatu wakiwa wameamua kinyume na serikali. Walijiuzulu. Januari 1977 zamu ilikuwa ya Khanna, na akarukwa. Aliyeteuliwa ni Beg, wa pili wake. Serikali ilieleza kwamba muda wa Khanna ungekuwa mfupi mno, kwa kuwa angestaafu Julai. Maelezo hayo yangekuwa na maana kama J. C. Shah asingekuwa amepewa cheo hichohicho mwaka 1970 kwa muda wa mwezi mmoja na siku chache. Khanna alijiuzulu, na Machi akawa ameondoka. Kwa hiyo wanaosema ukongwe si sifa wana haki nusu. Desturi hiyo haiteui aliye bora. Inamnyima mtawala nafasi ya kumteua anayemtaka. Baada ya miaka ile miwili, hakuna Jaji Mkuu wa India aliyewekwa kwa kumruka mwenzake mkongwe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hukumu yake haikumtoa mtu yeyote kizuizini. Gazeti la New York Times liliandika siku zile kwamba India ikirudi kwenye uhuru itamjengea Khanna mnara, lakini mnara haumsaidii aliye ndani. Katika jimbo la Kerala, Machi 1976, mwanafunzi wa uhandisi aitwaye Rajan alichukuliwa na polisi chuoni Calicut. Baba yake, mwalimu Eachara Varier, aligonga kila ofisi. Mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa na kesi ya Jabalpur, na aliweza kuufungua mwishoni mwa Machi 1977 tu, siku chache baada ya hali ya hatari kuondolewa. Ilidhihirika kwamba kijana alikuwa ameshakufa mikononi mwa polisi. Swali la Khanna kwa Niren De halikuwa la kinadharia, na kwa Rajan hukumu yake ilikuwa karatasi tu. Hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba karatasi hiyo ilifanya kazi baadaye kwa sababu ilikuwa finyu. Mwaka 1978 Bunge jipya, katika rekebisho la 44 la Katiba, liliweka kwamba Ibara ya 20 na ya 21 hazisimamishwi hata katika hali ya hatari. Wabunge hawakuhitaji kubuni kanuni, waliikuta imeandikwa. Mwaka 2011 Bhagwati, ambaye kufikia hapo alikuwa amejipatia heshima kubwa kwa kuwafungulia maskini milango ya mahakama, alikiri hadharani kwamba alikosea. Na tarehe 24 Agosti 2017 majaji tisa, katika kesi ya Puttaswamy kuhusu faragha, waliitangaza hukumu ya Jabalpur kuwa kosa. Uamuzi mkuu uliandikwa na D. Y. Chandrachud, mwana wa Y. V. Chandrachud.

Upande wa pili wa kazi yake, ule wa muundo wa msingi, umefika hadi kwetu. Mahakama Kuu ya Kenya iliitumia nadharia hiyo mwaka 2004 katika kesi ya Njoya, na mwaka 2021 mahakama mbili za nchi hiyo ziliitumia kuuzuia mpango wa kurekebisha Katiba ulioitwa BBI, hadi Mahakama ya Juu iliposema Machi 2022 kwamba nadharia hiyo haina nafasi katika Katiba ya Kenya, yenye utaratibu wake mrefu wa mabadiliko. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo iliikataa mwaka 2010 katika shauri la Mtikila kuhusu mgombea binafsi. Mtu anaweza kukubaliana na Nairobi na Dar es Salaam au asikubaliane nazo, lakini ajue kwamba kilichobishaniwa kilipitishwa India kwa kura moja, na mwenye kura hiyo aliipima kwa kijiko.

Miaka yake ya nje ya kiti haikuwa na fahari. Alikataa kuongoza tume ya kuwachunguza watawala wa hali ya hatari, kwa kuwa ingeonekana kisasi. Mwaka 1979 aliingia kuwa Waziri wa Sheria akatoka baada ya siku tatu. Mwaka 1982 vyama vya upinzani vilimsimamisha agombee urais, akashindwa vibaya na Zail Singh. Siasa haikumfaa, na sioni sababu ya kulificha hilo. Alifariki Februari 2008 akiwa na umri wa miaka 95. Picha yake ilikuwa imetundikwa katika chumba namba 2 cha Mahakama ya Juu tangu alipokuwa hai. Novemba 2024 mpwa wake, Sanjiv Khanna, aliapishwa kuwa Jaji Mkuu, akimpokea D. Y. Chandrachud; mpwa huyo mwenyewe alipoingia mahakama hiyo mwaka 2019 alipita mbele ya makumi ya majaji wakongwe kuliko yeye, na malalamiko yalisikika.

Kizuizini bado kipo India. MISA ilifutwa baada ya hali ya hatari, lakini mwaka 1980 serikali iliyorudi madarakani ilitunga Sheria ya Usalama wa Taifa, inayoruhusu mtu kuwekwa ndani hadi miezi 12 bila kesi, na Ibara ya 22 ya Katiba inaikubali. Tofauti na Aprili 1976 ni kwamba leo ndugu yake anaweza kwenda Mahakama Kuu, na jaji analazimika kuifungua karatasi.